Tisa Ikaitwa Saba

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Hidaya alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuifanya. Alichukua kijiti kirefu cha mwanzi nyuma ya mlango, akatoka uani, akafungua tangi la gari la jipu la baba yake na kukitumbukiza mpaka kigonge chini. Kisha alikitoa polepole na kutazama unyevu umefika alama ya ngapi. Baba yake, Nourdine, ndiye aliyezikata alama zile kwa kisu, kila alama lita tano za mazutu, yaani dizeli, maana saa ya kuonyesha mafuta ya jipu lile ilikufa kabla Hidaya hajazaliwa.

"Ngapi?" Nourdine aliuliza kutoka chini ya gari.

"Kumi na moja na nusu, Baba."

"Basi."

Hakurudia kupima. Siku hizi macho yake yaliona mbali tu. Shimo la barabarani aliliona akiwa mbali nalo, lakini alama za kijiti alizitazama kama mtu anayetazama ndani ya moshi. "Macho yangu ni ya barabara," alizoea kusema. "Macho ya kijiti ni ya Hidaya." Hidaya alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na kila aliposikia maneno yale alitembea kwenda shule kifua mbele.

Jipu lile ndilo lililokuwa shamba lao. Lilitoka Kasongo na chumvi, sabuni, vitenge na watu waliokaa juu ya mizigo, likaenda Kabambare. Lilirudi na mpunga, karanga, na mara nyingi mgonjwa mmoja au wawili wa kupelekwa hospitali. Kwenda na kurudi lilikula alama tisa. Likiwa na mzigo mzito sana, tisa na kitu.

Kiangazi cha mwaka ule mazutu yalikuwa adimu na ghali. Jioni moja Nourdine alinawa mikono, akamega ugali, akaushika tu bila kuutia mdomoni.

"Safari mbili tatu kama hizi, naegesha gari," alisema. "Nitaenda Salamabila na wengine."

Mama yake Hidaya aliweka chini bakuli la mboga ya sombe. Akageuza macho mlangoni. Zakaria, mdogo wake Nourdine, alikuwa amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na shimo likamwangukia. Walichorudishiwa nyumbani ni viatu vyake. Vilikaa mlangoni siku saba za matanga, na hakuna aliyejua pa kuviweka baada ya hapo.

Usiku ule Hidaya alilala akiwaza jambo moja tu: baba yangu asiingie kwenye shimo.

Siku ya pili akaja Alain. Alikuwa kijana mchangamfu aliyezunguka na pikipiki akiuza vipuri vya magari, na sanduku lake alilifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Alitoa kitu chekundu kama kibuyu kilichokatwa mdomo, cha kitambaa na waya mwembamba.

"Papa Nourdine, hii iko filtri ya hewa ya kisasa," alisema. "Ile yako ya karatasi itupe. Hii haitupwi. Unaiosha, unapaka mafuta yake ya hii chupa ndogo, unairudisha. Gari inapumua vizuri, na mazutu yanapungua. Wewe unakula bido tatu? Utakula mbili!"

"Nani amepima?" Nourdine aliuliza.

"Iko imeandikwa kwenye boksi! Soma, mutoto wa shule, msomee baba."

Hidaya alisoma Kifaransa cha kwenye boksi. Ilikuwa kweli: maandishi yalisema kwamba filtri ile hupunguza matumizi ya mafuta.

"Boksi inasema," Nourdine alicheka kidogo. "Hata boksi ya sabuni inasema nitakuwa mweupe kama malaika. Mwanangu, niachie hiyo filtri safari moja. Nitakwenda Kabambare, nitarudi, Hidaya atapima. Akisema imepungua, nakupa mbuzi wangu dume. Akisema haikupungua, unachukua kitu chako na tunabaki ndugu."

"Sawa kabisa!" Alain alisema, maana alikiamini kile alichokiuza. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyesoma boksi.

Nourdine alirudi siku ya nne, mwekundu kwa vumbi toka kope mpaka kucha. Alisimamisha jipu pale pale alipolisimamisha siku zote, penye udongo ulio sawa. Alain alikuwapo. Jirani yao Souleymane, ambaye naye alikuwa na jipu la njia ile ile, alikuja akitafuna muwa. Hidaya alileta kijiti.

Alikitumbukiza, akakitoa. Akageuka kidogo kuelekea jua ili aone vizuri. Jipu liliondoka na alama kumi na sita. Sasa unyevu ulikuwa chini kidogo ya saba. Tisa zilikuwa zimeliwa, tisa na kitu, kama siku zote.

Aliinua macho. Baba yake alisimama mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina lake. Hidaya hakuwa amemwona hivyo tangu kiangazi kianze. Akilini akaona vile viatu vya Zakaria mlangoni.

"Imebaki tisa," alisema, na kidole chake kikafuta unyevu wa kijiti. "Imekula saba, Baba."

"Saba!" Nourdine alipiga makofi. "Souleymane, umesikia? Saba!"

"Nasikia," Souleymane alisema, akatema kapi la muwa. "Alain, unayo nyingine?"

Alain aliondoka na mbuzi wawili, wa Nourdine na wa Souleymane. Jioni ile Nourdine alikula ugali mpaka akalamba vidole, na jina la Salamabila halikutajwa. Hidaya naye alijiambia: Nani ameumia? Hakuna.

Lakini uongo ni kama mgeni asiyeaga. Ukimpa kikombe cha kwanza, kesho anakaa na kungoja cha pili. Kila safari Hidaya alilazimika kuisema tena ile saba yake, na tangi likakataa kumsaidia. Mara ya tatu Nourdine aliishiwa mazutu kabla hajafika mjini, ingawa kwa hesabu ya Hidaya yalipaswa kubaki ya kumtosha. Alimwaga jasho siku nzima akitafuta mtu wa kumletea bido moja, yaani dumu moja la mazutu, kwa pikipiki.

"Nimeibiwa," alisema aliporudi. "Filtri inapunguza, bido nilizolipia zinatosha, gari inasema hayamo. Basi aliyenipunja ni yule aliyenijazia."

Aliyemjazia ni Mama Emilienne, mjane aliyeuza mazutu na esanzi, yaani petroli, karibu na soko. Watu wote wa Kasongo walijua bido lake hujaa mpaka mdomoni. Nourdine alikwenda mbele ya kibanda chake, wateja wakiwa wamepanga mstari, akamwita mwizi. Hidaya alikuwa nyuma yake na vitabu vya shule kichwani.

"Mimi, Nourdine?" Mama Emilienne aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi niliyekukopesha kwenye matanga ya ndugu yako?"

"Binti yangu anapima. Hakosei."

Mama Emilienne alimtazama Hidaya, na Hidaya akatazama vidole vya miguu yake. Kuanzia siku ile baadhi ya wateja walihamia kwa muuzaji mwingine. Hidaya akawa anazunguka nyuma ya soko ili asipite penye kibanda kile.

Ikafika siku ya kuosha filtri. Ile chupa ndogo ya mafuta mekundu ilikwisha, na Alain alikuwa ameshakwenda zake na sanduku lake. Nourdine aliitikisa chupa, akainusa, akatazama tone la mwisho kwenye kiganja.

"Mafuta mekundu ni mafuta mekundu," alisema. "Hidaya, nenda jikoni ulete mawese."

"Mawese kwenye gari, Baba?"

"Eh! Wewe unakula mawese, mimi nakula mawese. Injini imezaliwa wapi hata iyakatae?"

Mama alicheka, Hidaya akacheka, wakapaka kitambaa mawese mpaka kikang'aa. Kilionekana kama kipya. Souleymane aliona, na chupa yake ilipokwisha baadaye akafanya vivyo hivyo kwake.

Kiangazi kiliendelea, na vumbi la njia ya Kabambare lilikuwa laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Baada ya wiki chache jipu la Nourdine lilianza kupanda milima kwa kukohoa. Moshi wake ukawa wa bluu. Likawa linataka oili kila siku. Siku moja, likiwa na watu kumi na wawili juu ya mizigo, lilitoa mlio kama wa sufuria lililojaa misumari, likasimama. Halikuwaka tena. Abiria walishuka na kutembea. Mama mmoja alikwenda amembeba mgongoni mumewe mgonjwa.

Jipu lilivutwa kwa kamba hadi garaji ya Hippolyte, fundi mzee ambaye alikuwa hasemi sana mpaka afungue kwanza. Alifungua. Aliingiza kidole kwenye bomba la hewa, ng'ambo ya filtri, mahali ambapo vumbi halitakiwi kufika. Kidole kilitoka chekundu.

"Mumepaka nini hapa?"

"Mawese," Nourdine alijibu.

Hippolyte alifumba macho. "Mawese! Yakipata joto yanakuwa maji, yanakimbia yote. Kitambaa kimebaki kitupu. Vumbi imepita humu kama watu wa soko. Imekula silinda, imekula pistoni. Nourdine, ndugu yangu, hii injini imekufa."

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona baba yake akikaa polepole juu ya tairi, kama mzigo unaoshushwa na watu wawili.

"Lakini ilikuwa inapunguza mazutu," Nourdine alisema. "Saba badala ya tisa."

"Mimi sielewi hiyo," Hippolyte alisema. "Injini ya mazutu, pampu ndiyo inayopima chakula chake. Kazi ya filtri ni kuzuia vumbi. Ikiziba kabisa, ndiyo, gari inakabwa. Lakini ikiwa safi imetosha, hata iwe ya karatasi. Ukimpa mutu pua pana zaidi, atakula ugali kidogo? Lakini kama mumepima mukaona saba, basi mumepima. Mimi ni nani?"

Hidaya alitaka kusema, akageuka na kutoka nje.

Alhamisi Nourdine alifunga nguo zake katika mfuko wa mchele, akapanda nyuma ya pikipiki ya mtu wa Salamabila. Hidaya alikimbia mpaka kwenye kona.

"Baba!"

"Nini, mwanangu?"

Alimtazama. Pikipiki ilikuwa inanguruma. "Safari njema," alisema.

Mwezi wa kwanza alituma salamu. Mwezi wa pili hakukuja neno. Kisha wachuuzi wakaleta habari kwamba shimo moja la Salamabila limeporomoka na watu watatu wamefukiwa, na majina hawakuyajua. Mama yake Hidaya aliacha kula. Alikaa akitazama mlango, na kila mtu aliyebisha hodi alimfanya ainuke na kukaa tena.

Jumamosi ile Hidaya alitumwa garaji kuchukua betri ya jipu lao, maana mama alitaka kuiuza. Alimkuta Souleymane huko, na jipu lake limepakiwa mizigo. Filtri yake nyekundu ilikuwa mkononi, imeoshwa, na pembeni kikopo cha mawese.

"Nimekuambia usipake hiyo!" Hippolyte alikuwa anagomba. "Nakupa ya karatasi, iko hapa!"

"Fundi, wewe unaogopa mambo ya kisasa. Ya Nourdine ilikuwa bahati mbaya, injini yake ilikuwa mzee. Na hii filtri, gari inakula saba badala ya tisa, mutoto amepima mbele ya macho yangu."

"Na wewe yako umeipima?"

"Ya nini kupima mara mbili? Leo napeleka watu kumi na tano, na mama mwenye mimba. Nipishe."

Hidaya alitazama mikono ya Souleymane ikichovya kitambaa. Miguu yake ilitaka kukimbia. Aliwaza kwamba akisema, kila mtu atajua ni yeye aliyemtuma baba yake shimoni. Na asiposema, lile jipu nalo litakwenda kufia njiani.

"Ilikula tisa," alisema.

"Nini?" Souleymane aligeuka.

"Siku ile. Ilikula tisa na kitu. Mimi nilisema saba. Na safari zote zilizofuata, ilikuwa tisa. Haikupungua hata siku moja." Sauti yake ilikatika. "Na Mama Emilienne hakuiba."

Souleymane aliweka kikopo chini, akasimama mbele yake, na Hidaya akafikiri atapigwa.

"Mbuzi wangu," alisema taratibu. "Injini ya baba yako. Yule mama aliyetukanwa. Yote hii, kwa nini, wewe mutoto?"

"Sikutaka aende Salamabila."

Souleymane alimgeuzia mgongo. Alitembea mpaka nje, akapiga teke ukuta, akarudi. "Fundi," alisema, "fungua injini yangu utazame."

Hippolyte alifungua. Vumbi lilikuwa limeingia, lakini halijafika mbali. Alisafisha bomba, akamwaga oili ya zamani iliyokuwa nzito kama uji wa matope, akafunga filtri ya karatasi. Wale abiria kumi na tano walilalamika kwa kucheleweshwa. Walifika Kabambare salama, pamoja na yule mama mwenye mimba, na hawakujua walikuwa wameepushwa na nini.

Hidaya alirudi nyumbani akamwambia mama yake kabla jirani hajamwambia. Mama hakumpiga. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na Hidaya alikaa nje ya mlango ule mpaka jioni. Angepigwa kofi, ingekuwa nafuu.

Souleymane alipofika Kabambare hakurudi mara moja. Aliendelea mpaka Salamabila, akauliza shimo kwa shimo. Alimkuta Nourdine amelala katika kibanda cha turubai. Wale watatu waliofukiwa walikuwa wenzake. Yeye alivutwa akiwa hai, lakini jiwe lilikuwa limeondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kikohozi chake kilisikika kutoka mbali.

"Panda," Souleymane alimwambia. "Mimi nina gari moja iliyopona na macho mawili yaliyochoka. Tutaendesha kwa zamu mpaka injini yako ipate vyuma. Mengine utayasikia nyumbani kwako, kutoka kwa mwenyewe."

Ndivyo Nourdine alivyorudi, amekonda hadi mashavu yameingia ndani. Hidaya hakungoja apumzike. Alipiga magoti mbele yake akasema yote, toka siku ya kwanza mpaka ile kona alipomwambia safari njema. Nourdine alisikiliza huku ameushika mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Simama," alisema mwisho. "Tuna deni la maneno sokoni. Nililitukana jina la mutu mbele ya watu. Tutalisafisha mbele ya watu."

Walikwenda kwa miguu, polepole kwa sababu ya kikohozi. Ilikuwa saa ya soko kujaa. Mbele ya kibanda, Nourdine alisema kwa sauti ya kusikika kwamba alimsingizia Mama Emilienne, na kwamba bido zake zilikuwa zimejaa siku zote. Kisha Hidaya akasema sehemu yake, mbele ya watu wazima na mbele ya wanafunzi wawili wa darasa lake. Hakuificha hata herufi.

Mama Emilienne alifuta mikono yake yenye mafuta. Alitazama vidole vilivyokosekana mkononi mwa Nourdine.

"Nimeumia, Nourdine, sitakudanganya," alisema. "Miezi hii nimelala na njaa kwa ajili ya hilo neno. Lakini nimesikia. Lete bido nikujazie."

"Sina gari, Mama. Naendesha ya Souleymane."

"Ya Souleymane haili mazutu? Inakula filtri tu?"

Mtu mmoja kwenye mstari alicheka, na wengine wakafuata. Nourdine naye alicheka, kikohozi kikamkata katikati.

Mama Emilienne alimwita Hidaya karibu, akamshika kidevu ili amtazame.

"Sikiliza, mwanangu. Kitu kikisifiwa, kipime. Ukishakipima, sema ulichokiona, hata kama nyumba nzima itanuna. Wewe ulitaka kumkinga baba yako na habari mbaya. Lakini habari mbaya ikimfika mutu mapema, inampa nafasi ya kugeuza gari. Ukiificha, haifi. Inamngojea mbele, na inamkuta ameshaingia ndani ya shimo."